Kuwasha Injini za Ndege za Rafadha

Historia ya ndege aghalabu huanza pale magurudumu yanapoachana na ardhi. Vitabu vimejaa habari za waliovuka bahari kwa mara ya kwanza, waliopanda juu kuliko wenzao, na waliopotea wasionekane tena. Kazi iliyotangulia safari hizo zote haikupata waandishi wengi. Kabla ya ndege kwenda popote ilikuwa lazima injini zake ziwashwe, na katika zama za rafadha kuwasha injini hakukuwa sawa na kugeuza ufunguo. Ilikuwa kazi yenye utaratibu wake na hatari zake, nayo ilikuwa na watu wake, waliojifunza kwa miaka na kulipwa mshahara kwa kuijua.

Jambo la ajabu limetokea katika habari za kazi hiyo. Kwa muda wa nusu karne wahandisi walijitahidi kuipunguza, mpaka ikawa shughuli ya kubonyeza kitufe. Na walipofaulu, mafundi wake wakastaafu mmoja mmoja. Kisha watu ambao hawakupata kulipwa senti moja kwa ajili ya ndege, wakiwa wameketi nyumbani mbele ya kompyuta, wakadai irudishwe pamoja na ugumu wake wote. Wamerudishiwa. Linalofaa kuulizwa ni kitu gani hasa walichorudishiwa.

Mwanzo ulikuwa wa mikono mitupu. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk nchini Marekani, ndege ya ndugu Wright iliwashwa kwa kuvutwa rafadha zake mbili, na umeme wa kuanzia ulitoka katika betri iliyowekwa chini, ikaachwa pale pale ndege ilipoondoka. Injini yenyewe ilikuwa na nguvu za farasi 12 tu. Muda wa miaka mingi baada ya siku ile fundi alisimama mbele ya ndege, akashika panga la rafadha, akalivuta kwa nguvu, na kwa mwendo ule ule akajirudisha nyuma. Aliyechelewa alikatwa. Mnamo siku za Vita Kuu ya Kwanza kikatokea chombo kilichopewa jina la rubani Mwingereza, Bentfield Hucks: gari lenye shafti ndefu iliyoshikizwa kwenye kitovu cha rafadha, injini ya gari ikafanya kazi ya mkono wa mtu. Motokaa zilikwisha kupata stata ya umeme ya Charles Kettering katika Cadillac za mwaka 1912, lakini ndege haikuweza kuiga upesi. Katika chombo kinachohesabu kila ratili, betri nzito na mota yake ni abiria wasiolipa nauli.

Hila iliyofaa ilikuwa kuweka nguvu akiba. Gurudumu dogo lililo zito lilizungushwa, kwa hendeli au kwa mota ndogo, mpaka likapata kasi kubwa na kulia kwa sauti inayopanda. Kisha likaunganishwa na injini kwa ghafula, na kazi iliyokusanywa pole pole katika mzunguko ikatumika mara moja. Ndege nyingi za DC-3 ziliwashwa hivyo. Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, miaka 32 kamili baada ya siku ya Kitty Hawk, nayo ndiyo ile ambayo watu wa Afrika ya Mashariki waliijua kwa jina la Dakota katika shirika la East African Airways. Aliyewahi kusimama karibu na Dakota asubuhi alisikia mlio ule kabla hajaona panga lolote likitikisika, na kwa urefu wa mlio fundi alijua kama gurudumu limekwisha kupata nguvu ya kutosha.

Ndege zilizokuja baadaye zilizidi kwa ukubwa, na injini zao zilizidi kwa wingi wa viungo. DC-6, iliyoruka mara ya kwanza mwezi wa Februari 1946, ilikuwa na injini nne za Pratt & Whitney zilizoitwa R-2800, na hesabu hiyo ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, yaani yapata lita 46. Kila injini ilikuwa na silinda 18, zimepangwa kama miale ya jua katika duara mbili za tisa tisa. Kila silinda ilikuwa na plagi mbili, kwa hiyo ndege nzima ilikuwa na plagi 144. Stratocruiser ya Boeing, iliyoingia kazini katika shirika la Pan American mwaka 1949, ilipita kiasi hicho: kila injini ilikuwa na silinda 28 katika safu nne, na plagi 56. Injini hiyo ikiwashwa kwa njia isiyo sawa, plagi zote 56 ziliweza kuchafuka kwa mara moja, na kuzisafisha au kuzibadili kulikuwa kazi ya saa nyingi huku abiria wakingoja.

Lakini plagi chafu ilikuwa hasara ndogo. Hatari iliyoogopwa zaidi haikuonekana wala haikusikika, nayo ilitokana na umbo lenyewe la injini hizi. Silinda zikipangwa kwa duara, baadhi yake hazina budi kutazama chini. Ndege ikisimama usiku kucha, oili huteremka taratibu, hupenya kando ya pete za pistoni na kukusanyika katika silinda za chini. Hewa hushindilika, oili haishindiliki. Pistoni inapopanda na kukuta silinda imejaa oili, hukuta kama ukuta. Stata ikilazimisha, au silinda nyingine zikiwaka na kuisukuma, mkono unaounganisha pistoni na shafti hupinda. Na hapa ndipo penye ubaya wake: mkono uliopinda haukuvunjika lazima saa ile. Injini iliweza kuwaka, ikanguruma vizuri, ikapitishwa katika ukaguzi wote, ndege ikaondoka; na mkono ule ukavunjika baada ya saa kadhaa, juu ya bahari au juu ya milima. Kosa lilitendwa asubuhi kiwanjani na mtu mmoja, na malipo yake yakatolewa angani na watu wengine.

Kwa hiyo ikawa desturi kuzungusha rafadha pole pole kabla ya kuruhusu cheche yoyote. Kwa injini ndogo zaidi mafundi waliivuta kwa mikono, wakipokezana panga baada ya panga. Kwa zile kubwa stata ilitumika, na mtu alitazama mapanga yakipita na kuyahesabu kwa sauti: sita, au zaidi, kwa kanuni ya kila shirika. Idadi haikuchaguliwa kwa bahati. Rafadha ya DC-6 ilizungushwa kwa gia, ikaenda chini ya nusu ya mwendo wa shafti, na kila silinda huhitaji mizunguko miwili ya shafti ili itimize kazi yake. Mapanga sita yalitosha kuipitisha kila silinda katika mshindilio wake zaidi ya mara moja. Fundi akiona panga linasita, aliacha papo hapo. Lilikuwa kosa kuirudisha rafadha kinyumenyume ili kuupita ugumu, kwani oili ilisukumwa katika bomba la kuingizia hewa na kungoja huko, ikavutwa tena ndani injini ilipowaka. Dawa ilikuwa moja tu: kufungua plagi za chini na kuimwaga.

Hesabu ilipokwisha salama, kazi ya kuwasha ilianza. Injini zilipewa namba kuanzia kushoto, na mara nyingi ya tatu ndiyo iliyotangulia, ikafuatwa na ya nne, ya pili na ya kwanza, maana zile za kulia zilikuwa mbali na mlango wa abiria. Chini alisimama mtu mwenye mtungi wa kuzimia moto. Stata ikiwa inazunguka bado, magneto zilifunguliwa ili cheche zipatikane, na petroli ya kutanguliza ikapelekwa kwa kidole kilichobonyeza swichi na kuachia, kikabonyeza na kuachia. Silinda moja ilikohoa, kisha mbili, ndege nzima ikatikisika, moshi wa oili ukatoka katika bomba na kufunika bawa. Mpaka hapo injini iliishi kwa petroli ya swichi ile tu. Ilikuwa lazima wenzo wa mchanganyiko wa petroli na hewa usogezwe kwa wakati wake: ukitangulia, injini ilizama katika petroli; ukichelewa, ilikufa. Injini iliposhika, jicho lilihamia kwenye geji ya presha ya oili. Nusu dakika ikipita bila presha, injini ilizimwa bila majadiliano. Presha ikionekana, injini iliachwa izunguke yapata mara 1,000 kwa dakika mpaka oili ipate joto la digrii 40, na hapakuwa na haraka iliyoruhusiwa kuvunja sharti hilo. Kisha fundi aligeukia injini iliyofuata, akaanza tena kuhesabu.

Moto nao ulikuwa na adabu yake. Petroli iliyozidi iliweza kuwaka katika bomba la moshi au katika njia ya hewa, na silika ya mtu yeyote ni kuacha kila kitu na kukimbia. Fundi alifunzwa kinyume chake: stata iendelee kuzunguka, petroli ikatwe, moto uvutwe ndani ya injini na kumezwa humo. Mara nyingi uliisha bila mtungi kutumika.

Vitabu vya mashirika viliandika hatua hizi zote kwa mpango mzuri. Hata hivyo vilikaa kimya mahali palipokuwa na uzito zaidi. Viliagiza kwamba petroli ya kutanguliza itiwe kwa kadiri ya haja, na haja hiyo haikupimwa. Injini iliyolala usiku wa baridi ilitaka petroli nyingi. Injini iliyozimwa robo saa tu katika kiwanja chenye jua kali ilitaka kidogo sana, au isitake kabisa. Fundi alijua kwa mlio, kwa rangi ya moshi, kwa harufu, na kwa kumbukumbu ya tabia ya injini namba mbili ya ndege ile, ambayo haikufanana na namba mbili ya ndege nyingine. Maarifa ya namna hiyo hupita kutoka mtu hadi mtu kwa kusimama pamoja. Watu hao wasiposimama pamoja tena, hukatika, na kitabu kilichobaki kabatini hakiwezi kuyaunga.

Kukatika kwenyewe kulikuja upesi. Uwanja wa Entebbe ulishuhudia zama mbili katika miezi michache ya mwaka mmoja. Tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth, aliyekuwa amepata kuwa malkia akiwa Kenya bila kujua, aliondoka Entebbe kurudi London katika ndege ya BOAC ya aina ya Argonaut, yenye injini nne za pistoni. Tarehe 2 Mei mwaka ule ule Comet ya shirika hilo hilo iliondoka London kwenda Johannesburg, ikaitumia Entebbe kama mojawapo ya vituo vyake, na safari hiyo ndiyo ya kwanza ya abiria wa kulipa nauli katika ndege ya jeti. Jeti haina duara la silinda, haina magneto wala mchanganyiko wa kubembelezwa. Huzungushwa, hupewa mafuta na cheche, na ikishika moto hujiendesha. Comet za kwanza zilipatwa na maafa yaliyozisimamisha, lakini Boeing 707 ya Pan American ilipoanza safari za kuvuka Atlantiki mnamo Oktoba 1958, mashaka yakaisha. Ndege kubwa za rafadha zilihamia kwa wachukuzi wa mizigo, nyingine zikavunjwa kuwa chuma chakavu zingali na nguvu. Viti vya mafundi wa angani vilidumu katika jeti kwa miongo kadhaa, lakini aliyeketi humo hakuhesabu tena mapanga.

Mashine za kuigia urukaji zilikuwa zimekwisha kuzaliwa zamani, na hazikuzaliwa kwa ajili ya mchezo. Edwin Link wa Binghamton, katika jimbo la New York, mtoto wa mwenye kiwanda cha kinanda, alitumia viriba vya hewa vya kinanda mwaka 1929 kuunda ndege ndogo ya kufundishia isiyotoka chumbani. Shule za urubani hazikuitaka, ikauzwa katika viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, marubani wake wakafa kwa kutojua kuruka katika ukungu, ndipo likanunua mashine sita za Link. Mwaka 1948 Pan American ilipokea kutoka Curtiss-Wright mashine iliyoiga chumba kizima cha rubani cha Stratocruiser, kazi iliyoongozwa na Richard Dehmel. Haikutikisika wala haikuonyesha mandhari yoyote nje ya madirisha, lakini kila geji na kila wenzo vilijibu, na mwalimu aliweza kuingiza kasoro kwa siri na kumtazama mwanafunzi akihangaika. Ni vema kukumbuka kwamba ndege iliyokuwa ngumu kuliko zote kuiwasha ndiyo iliyolilazimisha shirika la abiria kununua mashine kamili ya namna hiyo.

Iliyoingia majumbani ilikuwa na nasaba nyingine. Bruce Artwick, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika tasnifu mwaka 1975 juu ya namna kompyuta ndogo iwezavyo kuchora mwendo wa ndege. Programu yake ilitoka kwa ajili ya kompyuta za Apple, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa yake iliyotokana nayo. Kwa miaka mingi safari katika programu hiyo ilianzia uwanja wa Meigs, Chicago, kando ya ziwa. Ndege ilisimama tayari mwanzoni mwa njia, na injini yake ilikuwa inanguruma. Hakuna aliyeiwasha. Baadaye, hata zilipotiwa injini nne, vibonye viwili vya kibodi vilitosha kuziwasha zote. Si haki kuwalaumu watengenezaji, kwa kuwa kompyuta zao zilikuwa dhaifu na wateja walitaka kuruka. Lakini yafaa ionekane kwamba waliurithi mtazamo ule ule wa vitabu vya historia, kuwa ndege huanza pale inapoondoka.

Mabadiliko yalikuja wakati kompyuta za nyumbani zilipopata nguvu ya kubaki na kazi ya ziada. Baada ya mwaka 2006 kampuni ya A2A Simulations ilitoa Stratocruiser ya kompyuta ambayo injini zake zilikuwa na kumbukumbu: aliyezitesa leo alizikuta zimeharibika kesho. Kampuni ya PMDG nayo ilitoa DC-6, ambayo mwenye kompyuta huhesabu mapanga yake, hubonyeza petroli ya kutanguliza na kusogeza wenzo wa mchanganyiko kwa wakati wake, au hushindwa. Watu walinunua taabu hii kwa fedha zao wenyewe. Wengi wao walizaliwa baada ya ndege hizo kuacha kubeba abiria katika njia kubwa, na hawakuwa na kumbukumbu ya ujana ya kuifufua. Walichokuwa wakitafuta ni ile hali ya kitu kinachoweza kukataa.

Mtaalamu wa historia asiwacheke, wala asiwasadiki kwa haraka. Kuna jambo moja ambalo mashine ya mwigo hulifanya na kitabu hakikuweza: hukataa kukaa kimya. Mwandishi wa kitabu aliweza kusema kwa kadiri ya haja, akaenda zake. Mtengenezaji wa programu hana ruhusa hiyo, kwa sababu kompyuta haielewi kadiri, hutaka namba. Sekunde ngapi za petroli kwa joto gani, ujazo gani wa oili katika silinda ipi baada ya saa ngapi, nafasi kiasi gani ya kukosea. Kila mahali fundi wa zamani alipotegemea pua na sikio, pamewekwa hesabu. Mara nyingine hesabu hiyo imetolewa katika vipimo vya kweli na vitabu vya kiwanda. Mara nyingine ni makisio ya mtu mwerevu aliyeketi mezani. Anayejifunza hawezi kuzitenganisha, maana zote humjia kwa mlio mmoja na moshi mmoja. Akizoea, atasema kwamba anajua injini ya R-2800 inataka nini asubuhi ya baridi, na huenda anachojua ni makisio yale.

Kwa sababu hiyo mashine ya mwigo yastahili kusomwa kama hati nyingine yoyote, kwa kuuliza ni nani aliyeiandika, alipata wapi habari zake, na wapi alijaza pengo. Lakini kuikataa kabisa kungekuwa hasara. Hakuna Stratocruiser ya abiria iliyosalia nzima popote duniani. Uwanja wa Meigs nao ulichimbuliwa usiku mmoja wa Machi 2003 kwa amri ya meya wa Chicago, na ndege za kompyuta zikaendelea kutua hapo. Kwa vitu vya namna hii mwigo umebaki kuwa mahali pekee ambapo utaratibu mzima unaweza kupitiwa tangu mwanzo hadi mwisho kwa wakati wake, na mtu akagundua kwa mikono yake, kwa mfano, kwamba kidole cha swichi ya petroli, jicho la geji na mkono wa wenzo vilihitajika karibu kwa sekunde moja. Orodha ya hatua, iliyochapwa moja chini ya nyingine, huficha jambo hilo. Anayeisoma hudhani zilifuatana kwa utulivu. Aliyejaribu huelewa kwa nini chumba kile kilihitaji mtu wa tatu.

Mtu huyo wa tatu amerudi kwa sura ya kuchekesha kidogo. Katika DC-6 ya PMDG mwenye kompyuta aweza kumwita fundi wa bandia, naye humaliza ukaguzi wote na kuwasha injini nne bila kuguswa kitu. Kwa hiyo wale waliodai taabu irudi walipewa pamoja nayo njia ya kuikwepa, kama wahandisi walivyofanya kabla yao. Fundi huyo hachoki, hasikii harufu, na akikosea hakuna aliye angani.

Katika miaka ya 2020 baadhi ya DC-6 zilikuwa bado zinachukua mafuta na mizigo Alaska, na Dakota kadhaa zilikuwa zinaruka katika nchi mbalimbali. Dakota iliyolala nje usiku huanza siku yake kama zamani. Magneto zimezimwa, fundi hushika panga kwa mikono miwili na kuliteremsha taratibu, kisha lile linalofuata, akisikiliza kwa viganja. Panga likikaza zaidi ya desturi, huliacha, huenda kutafuta ngazi na spana ya plagi.